Mtetezi wa Reli Ndogo

Kufikia Alhamisi Adhiambo alikuwa akimwogesha mumewe kwa kikombe. Alianza na uso, akashuka kifuani, akakamua kitambaa mpaka tone la mwisho, kisha akamgeuza ubavu ili amalizie mgongo, pale penye kidonda kilichokataa kupona. Maji yaliyobaki kwenye beseni hakuyamwaga, yangetumika chooni. Sylvance alikuwa fundi wa injini za reli kabla kiharusi hakijamwacha na mkono mmoja na nusu ya mdomo. Alimtazama mkewe akihangaika, akamwita kwa jina la kwao, akasema kwa taabu, "Nyar Alego, wape hiyo 'ndiyo' wanayoitaka."

Adhiambo akamwambia atulie, bado miguu.

Hiyo 'ndiyo' yenyewe ilikuwa moja tu, na mtaa mzima wa Reli Ndogo ulijua imo kinywani mwa nani. Kampuni iliyopewa ardhi ilitaka kubomoa zile safu tatu za nyumba za matofali, walizojengewa wafanyakazi wa reli enzi za mkoloni, ijenge ghorofa. Wenyeji waliambiwa watarudi. Warudi lini, nyumba ipi, kwa kodi gani, hakuna aliyetamka. Adhiambo alikuwa amesema hapana mpaka watamke, na wakitamka watamke kwa wote. Ndipo mifereji ikakauka. Kampuni ikasema bomba limepasuka. Bomba gani hilo linalopasukia mtaa mmoja tu, huku Mbotela hapo jirani watu wanaosha hata magari?

Jinsi Adhiambo, mshona sare za shule, alivyokabidhiwa neno la mtaa mzima ilikuwa kazi ya Mwalimu Wekulo. Huyu alikaa safu ya pili, akifundisha Historia katika shule moja ya kulipia ambayo mshahara wake ulikuja ulipopenda. Siku ya mkutano ukumbini watu walikuwa wamegombana hadi wakachoka, wa kwenda mahakamani wanavuta huku, wa kurusha mawe wanavuta kule. Mwalimu akapanda juu ya benchi akaanza kuwasimulia habari za Roma. Si Roma ya Papa, alisema, ile ya kale, kabla ya Kristo. Huko kulikuwa na wakubwa wachache waliokaa barazani wakagawana ardhi, vyeo na hukumu. Halafu kulikuwa na makabwela, wa kulima, wa kuoka mikate, wa kwenda vitani na kurudi wakute shamba limekwenda na deni. Siku moja makabwela hawakumpiga mtu. Walitoka mjini tu, wote kwa pamoja, wakaenda kukaa mlimani. Wakubwa wakaamka, hawana jeshi, hawana hata wa kuwachotea maji. Ikabidi wawabembeleze. Makabwela waliporudi walirudi na kitu kipya, mtetezi waliyemchagua wenyewe. Mtetezi akisema "nakataza", jambo linasimama, hata liwe limeamuliwa na nani. Askari hana. Ulinzi wake ni kiapo tu, kwamba atakayemgusa atainukiwa na makabwela wote. Na mlango wake haufungwi mchana wala usiku, ili mwenye shida amkute.

"Mlango usiofungwa hapa ni wa Mama Awuor," mtu akasema kutoka nyuma.

Watu wakacheka kwa sababu ilikuwa kweli. Tangu binti yake Awuor aolewe Kisumu, Adhiambo alikuwa akishinda barazani na cherehani yake, mlango wazi nyuma yake ili Sylvance apate hewa na aone wapita njia. Kicheko kikageuka uchaguzi. Wakaapa palepale, Wakristo wakiishika Biblia ya Odongo, fundi wa mjengo aliyepakana na Adhiambo ukuta kwa ukuta, Waislamu wakiongozwa na Zahoro mwenye duka. Odongo alilia machozi. Mtu mzima, analia mbele za watu, na hakuna aliyemcheka.

Na kwa muda mambo yalikwenda. Mheshimiwa Kisilu, mwakilishi wa wadi, alileta wageni wakubwa kuja kuweka jiwe la msingi. Siku kama hizo Reli Ndogo hujaa uwanjani kwa ajili ya fulana na mkate, kisha picha zinapigwa kuonyesha jinsi wananchi walivyofurahia maendeleo. Safari hii walijifungia ndani, safu zote tatu. Wageni walihutubia viti vya plastiki. Adhiambo alikisikia kipaza sauti kikiwasihi wananchi wajongee, naye akaendelea kushona kola. Furaha aliyoipata siku ile hakuwa na mahali pa kuiweka. Maisha yake yote ndiye aliyekuwa akiwangoja wakubwa, na leo wao ndio waliomngoja.

Jumatatu iliyofuata maji yakakatwa.

Alhamisi hiyohiyo, miguu ya Sylvance ilipokuwa imekauka, gari la Mheshimiwa likasimama mbele ya baraza. Aliingia na katoni mbili za maji ya chupa, akaziweka chini mwenyewe, akaketi kwenye kigoda cha wateja bila kukaribishwa. Alimuulizia mzee. Adhiambo akajibu kwamba yupo.

"Ghorofa za kule zitakuwa na lifti," Kisilu alisema, "lakini stima ya huku tunaijua, haikawii kukatika. Mtu kama mzee hawezi kukaa juu. Nimewaambia kampuni waniwekee nyumba moja ya chini kabisa. Vyumba viwili, bafu ndani, mlango mpana hata kiti cha magurudumu kinapita. Iko pale inangoja jina."

"Jina la nani?"

"Mama, usinifanye niseme kila kitu."

"Na hawa wengine?"

"Wengine wana midomo yao."

"Midomo yao waliniachia mimi, mheshimiwa."

Kisilu akatabasamu. Hakuonekana kukasirika, na hilo ndilo lililomtia Adhiambo hofu. "Nimesikia, nimesikia. Mambo ya Roma. Mimi sikusoma sana, mama, kwa hivyo nauliza tu nijue. Hao Warumi, mwishowe nani alitawala?"

Adhiambo hakujua. Aligeuka kumtazama Sylvance, aliyekuwa amekodolea chupa zile macho, na kwa kitambo kidogo aliiona ile nyumba ya chini, bafu lake, mlango wake mpana. Aliitamani. Kisha akasema hapana, na kwamba mheshimiwa aondoke na maji yake. Mheshimiwa akaondoka. Maji akayaacha.

Alimnywesha Sylvance chupa moja, nyingine zote akazigawa mlango kwa mlango katika safu yake. Alidhani ametenda vyema. Lakini mlango uliokuwa wazi ulikuwa wazi kwa wote, na gari lile lilionwa na safu zote tatu. Kabla ya jua kutua, ilikuwa imeshatangazwa kwenye foleni ya mkokoteni wa maji kwamba Mama Awuor ameshapata yake, ya chini, na zile chupa ni za kuwafunga watu macho.

Baada ya hapo mtaa ulikatwa kama mkate. Safu ya kwanza walirudishiwa maji, wakaahidiwa pesa za kuhamia, wakaonywa wasiwaambie wenzao. Wakaanza kuwauzia safu ya tatu maji kwa mtungi, watu walioapa nao kwenye benchi moja. Safu ya pili waliambiwa majina yao yatatangulia kwenye bahati nasibu ya nyumba mpya, mradi wahame kimyakimya. Wenye maduka waliahidiwa vibanda chini ya ghorofa. Safu ya tatu, ya Adhiambo, haikuahidiwa chochote. Kila mtu alijua kwa nini, na kila mtu alijua wa kulaumiwa.

Mheshimiwa akaitisha mkutano wake katika ukumbi uleule, wenye soda na chapati. Akasema anaheshimu sana mambo ya utetezi, ila mtaa mkubwa vile hauwezi kuachiwa mtu mmoja mwenye mgonjwa nyumbani. Akapendekeza mtetezi wa pili. Mikono ikainuka kwa Zahoro. Ikapitishwa pia kwamba watetezi wakitofautiana, kazi iendelee. Jioni Zahoro alimjia Adhiambo na nusu kilo ya sukari aliyoifunga kwa gazeti.

"Mama Awuor, mimi sikuitaka, wallahi," alisema. "Ila duka ndilo mkono wangu na mdomo wangu. Nina watoto."

Adhiambo aliitazama sukari akakumbuka kwamba hana majani ya chai, akaipokea. Alikuwa amechoka. Angetaka kumtukana, lakini mtu huyu alikuwa amemkopesha unga mwaka mzima Sylvance alipoanguka.

Akaenda kwa Mwalimu. Alimkuta sebuleni akipanga vitabu ndani ya katoni za mafuta ya kupikia, mkewe akifungasha vyombo chumbani. Mwalimu alisimama akamfutia kiti, akaanza kueleza kwamba ni kwa sababu ya watoto, kwamba safu ya pili wote wanahama. Adhiambo akamkatiza. Akamuuliza swali la Kisilu kama alivyoulizwa, mwishowe nani alitawala.

Mwalimu alikishusha kitabu alichokuwa amekishika.

"Wakubwa," akasema.

"Vipi, na watetezi walikuwepo?"

"Waliongezeka mpaka wakawa kumi. Wakubwa wakagundua kwamba hawana haja ya kuwashinda wote kumi. Unamtafuta mmoja, unampa anachokitaka, yeye anawakataza wenzake." Alianza kusema kwa sauti ya darasani, sauti ikamponyoka ikashuka. "Na miji ya jirani waliyoishinda hawakuiacha ikae kundi moja. Kila mji waliupa mapatano yake. Huu haki zote, ule nusu, ule ahadi tu. Mingi ikakatazwa hata kushauriana. Ikawa kila mmoja unamwonea mwenzake wivu, na wote wanatoa askari kwa Roma. Hivyo ndivyo walivyoyapata mamlaka, mama. Upanga ulifanya kazi nusu tu."

"Na mtetezi asiyekubali?"

"Kuna mmoja alitaka ardhi wagawiwe maskini. Walimpiga kwa vipande vya viti vya mkutanoni mpaka akafa."

"Makabwela walikuwa wapi?"

"Walikuwepo. Walikanyagana wakikimbia."

Mkewe alikuwa ameacha kufungasha ili asikilize. Adhiambo akauliza kwa nini basi, siku ile juu ya benchi, aliwapa nusu ya habari.

"Mtihani hauulizi hiyo," Mwalimu alisema. "Silabasi yetu inaishia pale wanapopata watetezi." Akakiingiza kitabu ndani ya katoni. "Halafu mlikuwa mmefurahi sana. Sikuwahi kuwa na darasa lililonisikiliza vile."

Adhiambo alirudi nyumbani akaketi kwenye cherehani bila kushona chochote.

Walikuja Jumamosi asubuhi, lori moja, vijana wa fulana za njano, na askari wachache waliobaki kivulini wakitazama simu. Walianza na safu ya tatu, na safu ya tatu walianza nyumba yake. Adhiambo alisimama mlangoni. Msimamizi wa kampuni, kijana mwenye adabu, alimsalimia shikamoo, akamuuliza kama amepata taarifa.

"Nakataza," Adhiambo alisema.

Kijana akaitikia kwa kichwa, akamgeukia Zahoro aliyekuwa ameletwa na kusimamishwa kando ya lori. "Na wewe, mzee?"

Zahoro alikuwa akiangalia viatu vyake. "Mimi naruhusu."

"Basi kazi iendelee," kijana akasema.

Hawakumsukuma. Walimzunguka wakapita, wakamtoa Sylvance na godoro lake, wakambeba taratibu sana hadi uani, wakamlaza chini ya ukuta wa nyumba, karibu na mfereji mkavu. Kisha kitanda, kabati, cherehani. Adhiambo aliita. Aliita kwa majina, mlango hadi mlango, walioshika Biblia na walioweka mkono kifuani, Fadumo wa nyumba ya kona, mama Jacklyne, Mwalimu. Mapazia yalitikisika. Mlango mmoja ukafunguka, moyo wake ukaruka, akatoka mwanamke wa safu ya kwanza na kikombe cha chai, akakiweka juu ya kabati lake lililokuwa uani, akampa pole, akarudi ndani upesi. Adhiambo akalia basi, kwa sauti, asijali nani anamwona.

Sauti ya misumari ikinyofolewa ilimfanya ainue kichwa. Juu ya paa lake alikuwa amechuchumaa Odongo, ndani ya fulana ya njano iliyombana mabega. Alikuwa ameng'oa bati la kwanza, na mwanga ukawa umeingia chumbani ukaanguka pale kitanda cha Sylvance kilipokuwa.

"Wanalipa vibarua kwa siku," Odongo alisema kutoka juu, bila kumtazama usoni. "Ningekataa wangemleta mwingine, na huyo angeyapiga nyundo tu. Mimi nitakutolea mazima, uweze kuyauza."

Adhiambo aligeuka kumtazama mumewe. Uani Sylvance alikuwa amefumba macho kwa sababu ya jua, na hapakuwa na kitu cha kumfunika.

Odongo akalisogeza bati hadi ukingoni, akaliinamisha polepole upande wake. "Shikilia hapo chini, Mama Awuor. Pole pole. Linakata."

Bati lilikuwa likining'inia juu ya kichwa cha mumewe. Adhiambo akanyoosha mikono akalipokea.