Damu ya Upande Mmoja

Mwanaamina hakuwa akilia tena. Alikuwa ameuma pindo la kanga ya mama yake, Sauda. Baridi ya Dongobesh ilikuwa imemwingia mifupani tangu alfajiri, mikono imemvimba, na Sauda alikuwa akimkanda kwa maji moto ya chumvi kama alivyowakanda wawili waliomtangulia. Wale wawili walikuwa wamelala nyuma ya msikiti. Ndugu za Halfani, mumewe, walishachoka kusema pole. Sasa walisema Sauda ana mkosi wa kula watoto, na siku hiyo, baada ya sala ya Ijumaa, wangekaa kikao kuamua kama aachwe.

Safari hii Sauda hakuogopa. Alikuwa na Hatibu.

Hatibu, mdogo wake, alikuwa likizoni kutoka chuo kikuu cha ng'ambo ya ziwa, alikokuwa akisomea udaktari. Alikuja na mwalimu wake Mzungu, darubini ndani ya sanduku, na kibali cha Bwana DC wa Mbulu. Walitafiti magonjwa ambayo mtu huzaliwa nayo. Hatibu alikuwa amewatoa damu Sauda, Halfani na mtoto, akaichungulia, kisha akaja jikoni kwa dada yake, akavuta kigoda kama zamani.

"Dada, huu si uchawi wala mkosi. Umo ndani ya damu. Wewe unayo mbegu moja ya ugonjwa, shemeji naye anayo moja. Mwenye moja haugui. Mtoto akirithi zote mbili, ndiyo haya."

"Kwa hiyo si mimi."

"Si wewe peke yako. Nusu yako, nusu yake. Na kwenye ukoo wao imejaa, maana wanaoana wenyewe kwa wenyewe."

Sauda alicheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Ng'ombe wa mahari yake ndio waliompeleka huyu kijana shule. Leo aliona hawakwenda bure.

"Utawaambia hivyohivyo?"

"Hivyohivyo, dada."

Ilimpasa aseme yeye. Mwanamke hasemi kwenye kikao cha talaka yake. Husemewa na mwanamume wa kwao, na baba yao alishakufa. Sauda alikaa nyuma ya pazia, mtoto mapajani. Mzungu aliketi uani, sindano zake zimefunikwa kitambaa cheupe, akingoja wazee waamue kama ukoo mzima utatoa damu.

"Shikamoo, mzee," alisema Hatibu.

"Marahaba, daktari," alijibu Mzee Seifu, baba yake Halfani. Hakuwa amewahi kumwita daktari. "Tunataka neno fupi. Huu ugonjwa wa wajukuu zangu, umo katika damu ya dada yako au haumo?"

"Umo, mzee."

Sauda alisubiri aendelee. Aliyeendelea ni Mzee Seifu.

"Na damu yetu sisi mnaitakia nini? Tunatuhumiwa?"

"Hapana, mzee. Ni mambo ya elimu tu."

Sauda alikohoa kwa nguvu. Hiyo ndiyo lugha pekee aliyoruhusiwa mle ndani. Alikohoa tena.

"Mpeni maji huyo," alisema Mzee Seifu.

Halfani alitamka talaka kwa sauti ndogo, uso ameuinamisha. Eda akaikalie kwao Kondoa. Mtoto kwa sheria ni wa baba, lakini huyu aende na mama yake, nani atamkanda?

Sauda alimkuta Hatibu ghalani, kati ya magunia ya chumvi.

"Umesema nusu."

"Sikusema uongo, dada."

"Nani amekwambia umesema uongo?"

"Wangesikia kwamba na wao wanayo, asingenyoosha mkono hata mmoja. Kazi yote ingekufa. Mwalimu ameniahidi nikaimalizie Uingereza. Nikirudi daktari kamili nitakuchukua wewe na mtoto."

"Mtoto atakuwepo?"

Hatibu alichezea kifungo cha koti. Akatoa vidonge vya aspirini, akamwekea kiganjani. Sauda alivipokea, kwa sababu mtoto alikuwa na maumivu, na alijichukia kwa kuvipokea. Mkwe ni mkwe, hakumtegemea. Huyu, Sauda mwenyewe ndiye aliyembeba mgongoni utotoni. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye ndiye aliyeifua hiyo nguo.

Alipotoka na furushi lake, mtoto amemfunga mgongoni, uani watu walikuwa wamejipanga, mikono ya kanzu imekunjwa, wanataniana nani atazimia kwanza. Wanawake walikuwa wakipakua wali. Mzee Seifu hakupenda nyumba ikae bila mke.

"Safari hii tunaoa nyumbani," aliwatangazia. "Halfani atamchukua Shumbana, binti ya mdogo wangu. Damu tunayoijua."

Wakapiga vigelegele. Shumbana, msichana wa miaka kumi na saba, alikuwa mbele kabisa kwenye mstari, haya zimemjaa, mkono ameshaunyoosha. Sauda alisimama mlangoni. Alimtazama mdogo wake, naye Hatibu alimwona.

"Daktari," alisema Mzee Seifu, "wewe ndiye msomi hapa. Hebu watamkie neno la heri."

Hatibu alimtazama Mzungu, na Mzungu, ambaye Kiswahili hakukijua, alitabasamu na kuelekeza kidole kwenye saa yake. Hatibu akamfunga msichana mpira juu ya kiwiko, akabonyezabonyeza kutafuta mshipa.

"Mungu awape watoto wengi," alisema, akachoma sindano.