Sare Iliyotoka Ziwani

Asubuhi ile Oswald alipovuta wavu wake, pale karibu na mto Malagarasi unapoingia ziwani, aliona umekuwa mzito, akafurahi. Wavuvi ni watu wa matumaini ya haraka. Alishapanga moyoni ni nani atakayeuziwa samaki na ni nani atakayepewa bure, kabla hajaona hata pezi. Kilichopanda mtumbwini kilikuwa gauni la kitenge lililojaa matope. Lilikuwa limejisokota kwenye nyuzi na kuuchana wavu mahali pawili.

Hakulirudisha majini. Alilipeleka nyumbani Ilagala, akaliweka mbele ya mkewe, Yunisi, aliyekuwa anachochea moto.

"Mama Happiness, samaki wa leo ndiye huyu."

Yunisi alicheka. Kisha akalifunua lile gauni, na kicheko kikakatika. Kitenge kilikuwa cha bluu chenye misalaba ya njano, na kifuani maneno ya Jubilei ya Kigango yalikuwa bado yanasomeka. Ilikuwa sare ya kwaya ya kanisa lao. Kwaya ina waimbaji thelathini, na gauni lingeweza kuwa la yeyote. Lakini alipogeuza kiunoni kwa ndani alikuta kijimfuko kidogo. Katika kwaya nzima ni mtu mmoja tu anayeshonea mfuko wa siri wa kuwekea kipande cha tangawizi, cha kutafuna kabla ya kuanzisha wimbo. Mtu huyo ni yeye.

Akakumbuka yote. Alilifanya tambara la kupigia deki, na lilipoanza kunuka akalitupa kwenye korongo nyuma ya nyumba. Mvua zikalichukua hadi mtoni, na mto ukalifikisha ziwani. Aliona aibu, na iliongezeka kwa sababu Oswald hakumlaumu hata kidogo. Alikaa tu pale akihesabu matundu ya wavu wake.

Yunisi aliingia ndani akafungua sanduku. Zilikuwamo sare kumi na nne nyingine. Ya Krismasi, ya Pasaka, ya Askofu alipokuja kutoa Kipaimara, ya harusi ya binti wa katekista, na nyingine ambazo hata hakukumbuka zilishonwa kwa ajili gani. Hakuna iliyovaliwa zaidi ya mara nne. Na Jumapili iliyopita tu, kwa kuwa ilikuwa Majilio, padri alihubiri juu ya yule aliyebatiza watu mtoni akawataka wenye kanzu mbili wamgawie asiye nayo. Yunisi alikuwa ametikisa kichwa kwa kukubali sana, akiwa amesimama kwenye mstari wa kwaya ndani ya sare mpya.

Jioni, walipopiga magoti kusali, alisema kwa sauti, "Bwana, ziwa ni lako, nami nimelitupia taka zangu. Sitanunua nguo mpya mpaka hizi nilizo nazo zichakae. Nisaidie, maana unanijua."

"Amina," Oswald alisema. Kisha akauliza, "Na mimi nimo humo?"

"Wewe una mashati mawili tu, Baba Happiness. Umeshatangulia."

Nadhiri ikiingia kwenye nyumba haikai kona moja. Yunisi alianza kwenda gulioni na kikapu chake cha ukindu, akirudisha mifuko ya plastiki kwa wauzaji mpaka wakamchoka. Maji ya kuoshea mihogo akawa anamwagia mchicha. Kila kitu kilichotaka kuingia mlangoni kwanza kiliulizwa kimekuja kufanya nini. Oswald alilalamika siku mbili, kisha akazoea, kisha akaanza kuringa kwa wenzake ufukweni.

Mbalamwezi ilipofika, wavuvi hawakwenda ziwani, kwa kuwa mwanga wa mwezi huwatawanya samaki. Oswald aliketi uani kuziba matundu ya wavu. Alipomaliza, bila kuulizwa na mtu, akalichukua lile gauni lililokwisha kufuliwa akalishona palipochanika, kwa sindano ileile na uzi uleule wa wavu, fundo kwa fundo. Mishono ilitokeza kama makovu. Yunisi alilijaribu, akapapasa yale mafundo kwa kidole. Wameoana miaka ishirini na sita, na Oswald si mtu wa maneno. Yunisi aliona anapendwa, na akamwambia hivyo. Oswald akajifanya anatafuta mkasi.

Basi mwezi wa sita habari ikaja kwamba kijana wa palepale Ilagala amepata upadrisho, na atakuja kuadhimisha misa yake ya shukrani kigangoni. Kijiji kilichangamka, na kwaya ikachagua sare. Kitenge cha kijani.

Mwenyekiti wa kwaya alikuwa Clementina, Mama Erick, nesi wa zahanati, mwenyeji wa Moshi. Alipangiwa kazi Ilagala miaka kumi na mmoja iliyopita, akalia wiki nzima, kisha akagoma kuhama. Ndiye aliyempokea mjukuu wa kwanza wa Yunisi alipozaliwa. Alikuwa rafiki yake wa ndani. Pia alikuwa mtu wa sheria. Siku mwimbaji mmoja alipokuja misani na jezi ya mpira, Clementina aliandika kwa mkono wake karatasi akaibandika ukutani kanisani: asiye na sare ya siku hiyo hasimami kwenye mstari.

Yunisi alimweleza nadhiri yake.

"Mama Happiness, ni gauni moja tu jamani."

"Na yale kumi na manne yalikuwa moja moja hivyohivyo."

"Wimbo wa vipaji nani ataanzisha? Miaka ishirini unauanzisha wewe. Nikikuruhusu wewe, kesho jezi zinarudi."

"Sikuombi uniruhusu. Nitakaa benchi."

Alisema kwa ujasiri, ila alipofika nyumbani alilia. Kuimba ndiko kusali kwake. Akiwa kwenye mstari humwona Mungu karibu, na hakujua kama benchi lingemfikisha huko.

Siku moja kabla ya misa, Clementina alikuja na kifurushi. Ndani yake mlikuwa na gauni la kijani lililoshonwa kwa vipimo vya Yunisi, hata kijimfuko cha siri kikiwamo.

"Hujanunua. Nimekupa mimi. Mungu hatakudai."

Yunisi alilishika lile gauni. Lilikuwa zuri. Huo ndio ulikuwa mtihani wenyewe, na ulikuja na sura ya mtu anayempenda.

"Nikilichukua, litakuwa la kumi na tano kulala sandukuni," alisema taratibu. "Na wewe unajua nitakuwa nimemdanganya nani. Nisamehe, Mama Erick."

Clementina alikunja kifurushi chake. Hakuaga vizuri. Usiku ule Yunisi alisali rozari huku akijiuliza kama ni imani au ni ukaidi wake tu.

Asubuhi alivaa lile gauni la bluu lenye mafundo, na kwa mazoea akatia tangawizi mfukoni. Alikuwa anafunga kilemba Oswald, aliyekuwa ameamkia ufukweni, aliporudi mbio.

"Kuna dada ameletwa kwa mtumbwi kutoka kambi ya wavuvi, uchungu umemshika. Tumemfikisha zahanati. Amekuja na khanga moja tu, nayo imelowa. Nesi anatafuta nguo za kumpokelea mtoto."

Yunisi hakuchagua. Alifunga sare zote kwenye shuka, akajitwika.

Alipofika, mtoto alishatoka na alikuwa analia, wa kike, mwenye hasira. Clementina alikuwa amevaa sare ya kijani tayari kwa misa, na mbele yote ilikuwa imechafuka kwa damu. Sakafuni palikuwa na gauni jingine la kijani. Yunisi alilitambua.

"Nilikuwa nalo kwenye mkoba," Clementina alisema bila kumtazama. "Nimejaribu kumfutia mtoto. Halinyonyi hata tone. Jipya, limejaa wanga, maji yanateleza tu."

Yunisi akafungua mzigo. Sare ya Pasaka ilikuwa imeshafuliwa na wanga kuisha, ikamkausha mtoto mara moja. Ya Krismasi ikamfunika mama yake. Ya harusi ya binti wa katekista ikatandikwa kitandani.

"Mwakeye, mwanangu," Yunisi alimsalimia yule dada kwa Kiha, na yule dada, ambaye alikuwa hajasema neno tangu afike, akaitikia na kuanza kulia. Yunisi akamshika mkono.

Kengele ya kanisa ililia, na baada ya muda ikalia tena. Msaidizi wa zahanati alipokuja kukaa na mzazi, Clementina alinawa, akajitazama.

"Nitakwendaje hivi?"

Yunisi akamtolea sare ya Askofu. Ilimbana mabegani. Wakatembea kwenda kanisani, Clementina ameushika mkono wa mwenzake.

Misa ilishaanza. Binti aliyepewa kuanzisha wimbo wa mwanzo alikuwa ameanzia juu mno, na kwaya nzima ilimfuata kule juu mpaka sauti zikawaishia. Watu walikuwa bado wanabana vicheko. Mwalimu wa kwaya, Erasto, alipomwona mwenyekiti mlangoni aliwasogeza waimbaji kumpa nafasi. Clementina alifika usawa wa mstari ule wa kijani, akasimama, akaitazama karatasi yake ukutani. Kisha akatikisa kichwa, akageuka, akaja kukaa benchi la tatu, kando ya Yunisi.

"Mama Erick, nenda. Wanakusubiri."

"Sheria niliandika mimi."

Wakati wa vipaji ulifika. Watu walisimama na ndizi zao, mihogo na chupa za mawese. Erasto akanyanyua mikono, akamtazama yule binti, binti akatazama chini. Polepole Erasto akageukia benchi la tatu.

Yunisi hakujua afanye nini. Mkono wake uliingia wenyewe kwenye kijimfuko, ukaikuta tangawizi. Akaivunja, nusu akampa Clementina. Clementina akatafuna, macho yakamjaa machozi.

"Tangawizi kali hii," alinong'ona.

"Ndiyo."

"Anza, dada yangu. Mimi nakufuata."

Yunisi akaanza kuimba hapohapo benchini, chini kidogo, pale ambapo kila mtu angeweza kumfikia.