Hita Iliyomzuia Bibi Harusi

Bi Rawiya hakuwa mwizi wala mchawi, lakini asubuhi ile alikuwa kapanda kigoda bafuni kwake, mtaa wa Kiponda, kisu cha kumenyea viazi mkononi, anaiharibu hita yake mwenyewe. Swichi keshaizima, maana roho yake bado aliipenda. Akatia ncha ya kisu kwenye skrubu ya kupandishia joto, akaizungusha mpaka ikagoma. Kisha akashuka, akawasha swichi, akaenda zake jikoni kuchoma mandazi, uso umetulia kama wa mtoto wa chuo cha Kurani.

Fungate ilikuwa ukingoni. Binti yake Shadya kaolewa na Mahfoudh, na bwana harusi alikuwa akilala kwa wakweze, akilishwa na kudekezwa kama ilivyo ada. Kesho angemchukua mkewe waende kwake Bububu. Bububu! Gari moja tu kutoka Darajani, lakini kwa kilio cha Bi Rawiya ungedhani mtoto anapelekwa Uchina. Wanawe wa kiume wako Maskati, mumewe keshafariki, na nyumba ina ghorofa tatu za kupigia miayo. Aliogopa kubaki peke yake. Badala ya kusema hivyo, akawa anaichokoza hita siku baada ya siku. Bwana harusi gani mwenye haya angeondoka akamwacha mama mkwe na mitambo inayochemka?

Haya Mahfoudh alikuwa nazo. Tena alijiona fundi. Siku ya kwanza maji yalipotoka na mvuke, aliteremsha joto kwa bisibisi, akatangaza, "Nshaimaliza, mama." Joto lilipopanda tena, akaenda dukani kununua themostati, kile kidude kinachokata umeme maji yakishapata moto, akafunga mpya. Maji yakachemka vilevile.

"Hita hii imelogwa," alisema.

"Nyumba za zamani hizi, mwanangu," Bi Rawiya akamjibu. "Zinataka mwanamme wa kukaa nazo."

Neno "kukaa" alilivuta kidogo, ili liingie.

Basi asubuhi ile, mandazi ya kwanza ndiyo yanageuzwa, ukapigwa ukelele bafuni. Mahfoudh akatoka mbio, taulo kalishikilia kwa mkono mmoja, akajikuta uso kwa uso na mama mkwe ambaye hata kumtazama machoni alikuwa akimwonea haya. Kitambi chote alichokipata kwenye fungate kiko nje. Bi Rawiya akanyakua ungo, akajifunika uso.

"Yarabi! Jisitiri, baba!"

"Nnaungua, mama!"

Shadya akaja na ndoo ya maji baridi, akamwagia mumewe hapo hapo. Bi Rawiya akachungulia pembeni ya ungo, akauona mgongo wa kijana umewiva. Ujanja wote ukamwisha. Alitaka kumzuia mkwewe, si kumchemsha. Moyo ulimuuma hata akasahau mandazi, nayo yakaungua.

Mahfoudh alipokwisha kuvaa, akazima swichi, akapanda kigoda, akafungua kifuniko. Bi Rawiya kasimama mlangoni, akitafuta namna ya kuungama. Pembeni ya skrubu palikuwa na alama ya kidole, ya manjano, mbichi. Liwa, ule msandali wa kujipaka usoni. Na nyumba nzima ni mtu mmoja tu aliyejipaka liwa kila asubuhi.

Mahfoudh akageuka. Mama mkwe uso wote ni manjano mpaka masikioni, na mkono kauficha ndani ya kanga.

Akaigeukia tena hita. Akaifuta ile alama kwa kidole gumba, akateremsha joto, akafunga kifuniko taratibu.

"Kosa nshaliona, mama. Hita ni nzima, lakini haitaki kuachwa peke yake. Kila Ijumaa ntamleta Shadya tuje kuiangalia. Tule hapa, tulale hapa."

Chozi likamtoka Bi Rawiya, likaacha mstari kwenye liwa. Alitaka kumwomba radhi. Aliitaka sana radhi yake, lakini mdomo ukamtangulia:

"Ijumaa tu? Na Jumatatu ikichemka, nimwite nani?"