Kura Yenye Jina

Amri ya kumkwepa Verlean Tate aliitoa Verlean mwenyewe. Januari, alipoanza kuwaandikisha wenzake kwenye chama cha wafanyakazi, alimwambia kila mmoja: "Ukishasaini kadi, usikae na mimi. Msimamizi akituona tunacheka, kesho amekuhamishia chumba cha barafu."

Wakamtii. Walimtii mno. Kufika Aprili, kadiri watu wake walivyoongezeka ndivyo meza yake ya kulia ilivyozidi kuwa tupu. Wanawake waliokuwa upande wake walimpita kama wanavyopita nguzo, naye akitafuna mkate wake wa mahindi, akijiambia kwamba kila mgongo anaogeuziwa ni kura. Faraja hiyo ilimtosha kwa muda. Lakini miezi mitatu bila mtu kukuuliza umeamkaje, hata kama wewe ndiye uliyekataza, ni mirefu.

Kiwanda kilikuwa cha kambare, huku Delta ya Mississippi. Samaki wanaingia hai kwa mlango wa nyuma, wanatoka minofu kwa mlango wa mbele, na katikati wanasimama watu na visu, buti zimo majini, na ukitaka kwenda chooni unanyoosha mkono kama mtoto wa darasa la kwanza. Verlean alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Alitaka kuushusha huo mkono kabla hajafa. Chama kikishinda kura, kampuni ingelazimika kukaa naye mezani kulizungumza hilo.

Aliyemuuma zaidi kumfukuza alikuwa Mzee Cleophus Gandy, mnoaji wa visu, jirani yake wa ng'ambo ya barabara. Tangu mume wa Verlean afariki, mzee huyo alikuwa akija jioni kukaa barazani kwake, wanakula karanga za kuchemsha na kuwasengenya mashemasi. Kusoma kwake kulikuwa kwa kubahatisha. Kadi aliisainia pale pale barazani, akiikandamiza kalamu kama anapasua mfupa, huku Verlean akimsimamia: "Jina lote, Mzee. Kadi isiyo na jina ni karatasi tu."

Kisha akamwambia asije tena mpaka kura ipite.

"Hata mimi?"

"Hata wewe."

"Haya, binti. Wakubwa mmesema." Akachukua kofia yake, akavuka barabara, hakurudi.

Wiki ya mwisho Verlean alipitisha neno, mdomo kwa mdomo, kwenye foleni ya aproni na kwenye maegesho: kura si kadi, weka alama ya X kwenye NDIYO, usiandike jina. Neno likamfikia kila mtu isipokuwa mmoja. Wenzake walidhani Mzee Gandy ameshaambiwa na Verlean, maana milango yao inatazamana. Verlean alidhani ameambiwa na wenzake.

Alhamisi kura ikapigwa kantini. Verlean alikaa kama mwangalizi wa chama, na sheria ya mwangalizi ni kutozungumza na mpiga kura. Mzee Gandy aliingia amevaa kofia yake ya Jumapili. Alikaa nyuma ya kibanda cha maboksi cha kupigia kura muda mrefu, hata mtu wa foleni akapaza sauti, "Mzee, unapiga kura au unaandika wosia?" Alitoka anatabasamu, akaitumbukiza karatasi kama mtu anayetoa sadaka nono.

Saa kumi mwanamke wa serikali, mfupi, mwenye miwani, akalifungua sanduku. Ndiyo, hapana, hapana, ndiyo. Hamsini na nane kwa hamsini na nane, imebaki karatasi moja. Akaikunjua, akaifunika haraka kwa kiganja.

"Imeandikwa jina. Kura ni ya siri. Hii imeharibika."

"X iko wapi?" Verlean aliuliza.

"Kwenye ndiyo. Lakini haihesabiki."

Jina hakuliona. Aliona upande wa nyuma wa karatasi, jinsi kalamu ilivyokaribia kuitoboa, akajua.

Sare ni ushindi wa kampuni. Wakili wake alikuwa ameshaanza kufunga mkoba.

Nje wenzake walikuwa wanangoja, habari imeshawafikia. Earnestine, mkata vichwa vya samaki, akamjia juu. "Nani huyo punguani? Mtaje!"

"Sikuona jina."

"Ulikaa pale pale, Verlean! Una macho ya nini?"

"Nani alipaswa kuwafundisha? Mimi. Basi kasirikeni na mimi."

"Tena sana," Earnestine akasema, na wengine wakamfuata kwenye magari. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kumkwepa siku ile. Waliondoka tu.

Mzee Gandy alibaki kwenye ngazi, kofia mkononi. "Wanasema kura moja imeharibika."

"Ndiyo, Mzee."

"Watu hawasikii! Mimi niliandika jina lote, mpaka la kati, wasije wakasema si yangu." Akamtazama. "Sasa inakuwaje?"

Verlean alifungua mdomo. Mzee alikuwa na miaka sitini na minane, na tabasamu la kibandani halijamtoka bado.

"Mpaka mwakani ndiyo turuhusiwe kupiga tena," akasema. "Ila mwakani hakuna kuandika jina. X peke yake."

"Kwa nini?"

"Wamebadilisha utaratibu."

Mzee akasonya. "Ndivyo walivyo. Kila ukijifunza, wanabadilisha." Akavaa kofia. "Leo naruhusiwa kuja barazani?"

Angekuja, angekaa, na angesimulia alivyolichora lile jina, herufi moja baada ya nyingine.

"Leo nimechoka, Mzee," Verlean akasema. "Kesho."

Akamngoja afike mbali, ndipo naye akashika njia ile ile.