Zahanati Ijengwe Wapi

Mwalimu wa jiografia alikuwa hajatua hata mkoba wake, mkuu wa shule akamwita ofisini kumwuliza majibu yako wapi. Mkuu huyo alikuwa pia shemeji yake, kaka wa mumewe, na ndiye aliyemtafutia kazi pale. Hilo hakuliacha lisahaulike.

"Majibu ya nini, shemeji?"

"Ya hilo zoezi lako la kwenye mtandao. Wageni kutoka makao makuu ya elimu wanakuja wiki ijayo kuliangalia. Jana nimelifungua, nimesoma mpaka chini kabisa, sijaona jibu."

"Halina jibu moja. Ndivyo lilivyotengenezwa."

Mkuu akacheka kile kicheko chake cha kumhurumia mtu. "Swali lisilo na jibu ni swali gani, shemeji yangu? Hata kitendawili kina jibu."

Mwalimu akatoka. Juu ya mlango wa ofisi ile mkuu mwenyewe alikuwa ameandikisha kwa rangi ya buluu, herufi kubwa: ASIYEULIZA HANALO AJIFUNZALO.

Zoezi lenyewe lilimlia likizo nzima. Lilikuwa ukurasa mmoja kwenye kompyuta za shule, na juu yake swali: zahanati mpya ijengwe wapi, mlimani, sokoni au bondeni? Wanafunzi walikaa wannewanne. Mmoja muuguzi, mmoja mhandisi, mmoja mtunza fedha, mmoja mkazi wa mji. Chini ya kila kazi aliweka kurasa za kusoma: picha za mji zilizopigwa kutoka angani wakati wa kiangazi na wakati wa mvua, vipimo vya mvua, bei za matofali, maelezo ya wagonjwa waliokwenda kliniki kwa miguu. Kila ukurasa aliusoma mwenyewe kwanza, maana mtoto ukimwambia "katafute mtandaoni" bila kumwonyesha pa kuanzia, utamkuta anaangalia mpira. Mwisho kundi lilipaswa kukubaliana na kujitetea. Alama zilikuwa za sababu, si za mahali.

Na hakuwapa wale vipanga wa shule. Aliwapa darasa ambalo walimu wenzake waliliita Mabogi, eti kwa kuwa, kama mabehewa ya treni, haliendi mpaka livutwe.

Miongoni mwa Mabogi alikuwemo msichana aliyeitwa Bubu. Bubu wapi! Alikuwa na mdomo wake mzima, ila tangu aanze shule hakuna aliyemwuliza kitu alichotamani kukijibu. Aliishi bondeni na mama yake, mgonjwa wa miguu, na katika kundi lake akapewa kuwa mkazi. Siku ya kwanza alisema bondeni, na nani angemlaumu? Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Siku ya pili akaziweka zile picha mbili kando kwa kando, akainamia kioo mpaka pua ikakaribia kukigusa.

"Mwalimu, njoo uone. Barabara ya sokoni haipo!"

Kweli haikuwepo. Katika picha ya mvua, pale ilipokuwa barabara palikuwa na maji ya rangi ya udongo, na bondeni ndiko kulikozama zaidi. Bubu akahama upande wake mwenyewe. Akasema zahanati ijengwe mlimani, hata kama mama yake atapanda kilima akichechemea, kwa sababu mlimani kunafikika mvua inyeshe isinyeshe. Mhandisi wa kundi alibisha, wakapigiana kelele, mpaka mhandisi akainua mikono. Mwalimu alitoka kibarazani akacheka peke yake. Kwa furaha ile angefundisha miaka kumi mingine bila kuomba nyongeza ya mshahara.

Nyumbani, mumewe alimsikiliza huku akimenya chungwa. "Kaka ndiye aliyekushika mkono," alisema. "Mpe hayo majibu yaishe. Utapungukiwa nini?"

"Basi kesho nenda ukamfundishie wewe."

Kesho yake mkuu alimtuma semina upande wa pili wa mji, siku tatu, semina ambayo hata walioiandaa hawakujua inahusu nini. Aliporudi ilikuwa asubuhi ya wageni. Viti vilikuwa vimepangwa, vitambaa vimetandikwa, na Mabogi wamenyooshwa mstari, mashati ndani. Hakupata hata nafasi ya kuwasalimia.

Kundi la kwanza likasimama. "Baada ya uchunguzi wa kina, tumebaini kuwa zahanati ijengwe sokoni, kwa kuwa ni katikati ya mji na panafikika kwa urahisi mwaka mzima."

Kundi la pili likasimama. Baada ya uchunguzi wa kina. La tatu hivyo hivyo, maneno yale yale, hata pumzi walivutia mahali pamoja. Hapo mwalimu akaelewa nani alikuwa darasani kwake siku zile tatu, na damu ikamchemka. Alimtazama shemeji yake. Shemeji alikuwa anafuatisha kwa midomo.

Likaja kundi la Bubu. Bubu alisimama, akaangalia sakafu, akasema sokoni.

Wageni wakapiga makofi. Mkubwa wao, mwanamke mwenye miwani ya kamba, akasema zoezi hili lazima liende shule zote, ila majibu yawekwe palepale kwenye ukurasa ili walimu wasihangaike. "Aliyelitengeneza ni nani?"

"Ni shemeji yangu huyu," mkuu akasema, kifua mbele. "Ni wa kwetu."

Makofi tena. Na mwalimu, Mungu amsamehe, aliinama akashukuru. Kiuno kilijikunja chenyewe kabla kichwa hakijakiruhusu. Alitamani ardhi immeze, kisha akatamani immeze shemeji yake kwanza.

Wageni walipokwenda ofisini kunywa soda, alimkuta Bubu chumba cha kompyuta akizima mashine moja moja.

"Usizime hiyo. Nionyeshe tena ile picha."

"Ipi, mwalimu? Ile niliyokosea?"

Bubu hakuwa na uchungu wowote usoni, na hilo ndilo lililomkata mwalimu maini.

"Mkuu ametuambia tulikosea wote," Bubu akaendelea. "Mwalimu, kumbe jibu mlikuwa nalo. Sasa mlitutafutisha ya nini?"

"Mimi sikuwa nalo. Wala yeye hana. Barabara uliiona?"

"Sikuiona. Yalikuwa maji."

"Na mvua zikianza, kwenu huwa kunakuwaje?"

"Maji."

"Basi ulikosea wapi?"

Bubu akaifungua ile picha. Aliinamia kioo kama siku ile pua yake ilipokaribia kukigusa. Kisha akaanza kutweta, machozi yakamlengalenga, na hayakuwa ya huzuni bali ya hasira. Mwalimu aliyajua, kwa sababu hata yeye alikuwa nayo.

Akamshika mkono. Walipita kibarazani, wakafika chini ya yale maandishi ya buluu, na mwalimu akasukuma mlango bila kubisha hodi. Soda zilikuwa mezani. Mkuu alikuwa katikati ya hadithi yake.

"Shemeji, nina wageni," akasema, meno nje, macho makali.

"Ndiyo maana nimekuja. Huyu ana swali."

"Swali atauliza darasani."

"Darasani umeshamjibia. Bubu, uliza."

Yule mwanamke mwenye miwani akaweka glasi chini. Safari hii Bubu hakuangalia sakafu. Alimwangalia mkuu wa shule.

"Shikamoo," akasema. "Mama yangu miguu inamsumbua. Mvua zikinyesha barabara ya sokoni inazama, picha ipo, naweza kuwaonyesha. Sasa hiyo zahanati yenu ya sokoni, mama atafikaje?"

Mkuu akafungua mdomo. Chumba kizima kilimsubiri, na jibu hakuwa nalo.