Akidi Haijatimia

Afande Opoka alikuwa anakula rolex, chapati iliyoviringishiwa mayai na vitunguu. Mafuta yalimchuruzika kutoka kidoleni mpaka kiwikoni, akayalamba, kisha kwa kidole kilekile akamwonyesha Kulusum benchi.

"Mama, kaa. Bunge bado."

Kulusum hakukaa. Tangu asubuhi alikuwa amesimama nje ya chumba cha maiti cha kambi, sanda kwapani. Ndani alilala Abdunoor, mwanawe wa pekee, askari, aliyerudishwa kutoka ng'ambo ya mpaka akiwa amezungushiwa turubai. Kaburi lilishachimbwa, na mvua ilikuwa inalijaza. Kumkirimu maiti ni kumzika upesi, hata mtoto wa madrasa anajua. Lakini hawa, wapi!

Mabomu yalipolipuka mjini, wanajeshi walivushwa mpaka kwanza, ndipo Bunge likaitwa kutoa ruhusa. Kwa hiyo Abdunoor alikuwa amefia mahali ambapo, kisheria, hakuwa bado amefika.

"Sasa nikikupa mtu leo, nitasema amekufa wapi?" Opoka alimuuliza. "Ngoja wapitishe. Wakipitisha tu, unachukua."

Televisheni ya kantini ilionekana dirishani. Spika alitazama viti vitupu, akasema akidi haijatimia, waheshimiwa watafutwe. Walikuwa wamekwenda kula.

"Akidi ndiyo nini, afande?"

"Hesabu ya watu, mama. Hawajatosha."

"Na walipompeleka mwanangu, nani alihesabu?"

Opoka akatafuna.

Waheshimiwa walirudi wakichokoa meno. Mmoja, shingo imefurika nje ya kola, akaapa kuwafuata magaidi mpaka shimoni, hata ikibidi amwage damu yake. Wenziwe wakapiga meza. Damu yake! Damu iliyomwagika ilikuwa inanuka hapa, nyuma ya mlango wa bati, na wala haikuwa ya mheshimiwa. Mkuki kwa nguruwe, bwana. Kulusum akatema mate mferejini.

"Wanaokubali waseme ndiyo," Spika akasema.

"Ndiyooo!"

Mmoja akazinduka usingizini, akaitikia peke yake wenzake wameshanyamaza. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Wamepitisha, afande. Nipe mwanangu."

Simu ya Opoka ikaita. Akasimama wima kuipokea. "Ndiyo, mkubwa. Ndiyo, mkubwa." Alipoikata hakumtazama Kulusum machoni.

"Mama, ruhusa inaanza leo. Mtoto wako alikufa kabla."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hakuwa vitani. Alipata ajali ya gari hapa hapa, njia ya Luzira."

"Yaa salaam! Gari gani hilo linalopiga risasi? Si jana mlinifunulia, nikaona kifua kilivyotobolewa?"

"Ukisema ajali, unamchukua sasa hivi, gari nakupa. Ukikataa, anabaki mpaka uchunguzi uishe." Akasogea karibu, harufu ya vitunguu ikimtoka mdomoni. "Na umeme humu, mama, haukai. Unanusa mwenyewe."

Kulusum alinusa. Babu yake alibeba bunduki ya Mwingereza, baba yake akabeba ya kila aliyekuja baada yake, na wote walizikwa jua la siku waliyokufa likiwa halijatua. Nasur, mdogo wake, akapiga simu kutoka makaburini.

"Dada, kuta za kaburi zinaporomoka. Tuwaambie watu warudi nyumbani?"

Kulusum alifumba macho.

"Yachoteni maji," akasema. "Tunakuja."

Opoka akawaita askari wawili wawe mashahidi. "Mtoto wako alikufa ajalini?"

"Ndiyo."

"Sema kwa nguvu, mama. Hawa hawajasikia."

"Ndiyo!"

"Sawasawa. Mtoeni."

Askari wale walikuwa wameivusha machela kizingiti tu, kikao kikafungwa, na televisheni ikapiga wimbo wa taifa. Wakaitua machela topeni, wakasimama kikakamavu. Opoka naye akajinyoosha, shavu limejaa rolex, hatafuni. Mvua ilikuwa inanyesha. Miguu ya Abdunoor ilikuwa imechomoza nje ya turubai, imevimba, haina viatu. Kulusum akapiga magoti kwenye tope, akaifunika kwa sanda peke yake, maana mikono yote mingine ilikuwa imebanwa mapajani kwa heshima ya nchi.