Asubuhi Hollowell Alipobonyeza Sita

Kila asubuhi ya kambi, kabla ya kifungua kinywa, wachezaji tisini wa timu ya Wahunzi wa Toledo walipanga foleni mbele ya skrini tatu zilizotundikwa ukutani nje ya chumba cha tiba. Swali lilikuwa moja: leo unauonaje mwili wako, kuanzia moja mpaka kumi? Jibu nalo lilikuwa moja. Mwenye kidole gumba kilichovimba kama kiazi alibonyeza kumi. Aliyeamka akishindwa kugeuza shingo alibonyeza kumi, akaondoka kifua mbele, shingo imekakamaa vilevile. Hakuna aliyefundishwa kufanya hivyo, wala aliyehitaji kufundishwa. Futiboli ya Kimarekani ni mchezo wa kugongana, watu walikuwa tisini na nafasi hamsini na tatu. Sasa nani awe mjinga wa kujitangaza kwamba anaumwa?

Demarius Hollowell alikuwa bingwa wa kubonyeza kumi. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, na kazi yake ilikuwa upokeaji, yaani kukimbia mbele kuliko wenzake na kudaka mpira unaorushwa kutoka mbali. Kwa mbio na kwa mikono hakuna aliyemtilia shaka. Shida yake ilikuwa kubaki mzima. Katika misimu sita alikuwa amepitia timu tatu, amevunjika mtulinga mara moja, ameteguka kifundo cha mguu mara mbili, na msuli wa nyuma ya paja la kushoto ulikuwa umemchanika mara nne. Hakuwahi kumaliza msimu hata mmoja. Mashabiki walimwita Kioo. Mtangazaji fulani wa redio alisema Hollowell anaweza kuumia akiwa amekaa kwenye kochi lake, na ubaya wa maneno yale ni kwamba mkewe Janae aliyasikia akiwa ndani ya gari na binti yao.

Binti mwenyewe, Amaya, alikuwa na miaka mitano. Shuleni waliambiwa wachore kazi ya baba. Akamchora Demarius amekaa ndani ya pipa la barafu la kupozea misuli, anatabasamu. Mwalimu alipomuuliza, akajibu kwamba baba yake anafanya kazi kwenye barafu. Janae alicheka mpaka machozi yakamtoka, Demarius naye akacheka, halafu akaenda kusimama gereji peke yake kwa muda mrefu. Hakuna mtu aliyehitaji kumwambia kwamba Wahunzi ndio nafasi yake ya mwisho. Wakimwacha kwenye mchujo wa mwisho wa Agosti, hakuna timu itakayompigia simu tena.

Nafasi ya upokeaji iliyobaki ilikuwa moja, na aliyekuwa akiigombea naye alikuwa Corbin Yates, miaka ishirini na miwili, ametoka chuo juzi, ana mbio za kumfanya mtu mzima aone wivu.

Siku tatu kabla ya mechi ya mwisho ya maandalizi, mkuu wa tiba alimwita Demarius baada ya mazoezi. Jina lake lilikuwa Lorraine Wojcik, mwanamke mfupi mwenye viganja vipana, mzaliwa wa Toledo, mjukuu wa Wapolandi waliokuja kufanya kazi kwenye viwanda vya vioo vya mji ule.

"Panda kitandani, Hollowell. Lala kifudifudi."

"Mimi niko fiti, Bi Lorraine. Asubuhi nimebonyeza kumi."

"Najua. Hapa hata maiti angebonyeza kumi."

Akamkandamiza nyuma ya paja la kushoto kwa dole gumba. "Hapa vipi?"

"Hakuna kitu."

"Mbona sasa unaitafuna taulo yangu?"

Demarius akaitema taulo. Lorraine akavuta kiti, akamwekea karatasi moja mbele ya pua. Alikuwa ameomba kumbukumbu zake kwa timu alizotoka, na karatasi ile ilikuwa na tarehe nne, zile siku nne msuli ulipochanika. Mbele ya kila tarehe kulikuwa na namba aliyoibonyeza asubuhi yake. Kumi, kumi, kumi na kumi.

"Watu wanasema una mwili mbovu," Lorraine alisema. "Mwezi mzima nimeushika huu mwili, si mbovu hata kidogo. Unakuonya siku mbili tatu kabla, wewe unauziba mdomo. Babu yangu alifanya kazi ya vioo miaka arobaini. Alikuwa akisema kioo hakipasuki ovyo, kinapasuka ukikiharakisha kupoa. Ukiniambia sita, nakupunguzia kazi siku mbili, unarudi. Ukiniambia kumi, nakuja kukuokota uwanjani."

"Nikikuambia sita, Kocha Garrity ataiona."

"Ataiona. Kila namba inamfikia mezani kabla hajamaliza kahawa yake."

"Atanikata."

"Huenda. Siwezi kukuahidi kitu, mwanangu. Kazi yangu ni misuli tu. Haya, vaa viatu."

Laiti angemdanganya kidogo, Demarius angeona nafuu. Alirudi chumbani amenuna. Mwenzake wa chumba alikuwa Sefo Leavasa, mlinzi wa mstari wa mbele, Msamoa wa kilo mia moja arobaini na tano, aliyekuwa amelala chali goti likiwa juu ya mito mitatu. Demarius alipomsimulia, Sefo aliinua kichwa taratibu.

"Sita? Wewe jamaa, umegongwa kichwani? Mimi hata mke wangu akiunguza wali simwambii sita."

"Wewe goti lako linaendeleaje?"

"Goti langu lina maji kama kisima, na kesho asubuhi ni kumi. Usituletee balaa, kaka. Ukianza wewe kusema kweli, kesho watatugeukia sisi."

"Nimechanika mara nne, Sefo."

"Basi ya tano chanika ukiwa na kazi," Sefo alisema, akajifunika taulo usoni. Baada ya muda akaongeza chini ya taulo, kwa sauti ya mtu asiyetaka kusikika, "Nakutania tu. Mimi nisingethubutu, basi."

Siku ya mechi Demarius aliamka na uzi umekaza nyuma ya paja. Haukuwa maumivu. Aliujua uzi ule. Alikuwa ameamka nao mara nne. Akasimama kwenye foleni, Yates nyuma yake akijinyoosha na kupiga miluzi. Zamu yake ilipofika, kidole kilikwenda chenyewe kwenye kumi, kama mguu unavyojua njia ya nyumbani. Akakirudisha. Nyuma watu wakaanza kukohoa kwa kumharakisha. Akabonyeza sita.

Skrini ikabadilika. Ukatokea ukurasa mwingine wenye mchoro wa mwili wa mtu, mbele na nyuma, na maneno ya kumwomba aguse mahali panapomsumbua. Demarius akabaki ameduwaa. Miaka sita, timu nne, na hakuwahi kujua kwamba kuna ukurasa wa pili. Akagusa nyuma ya paja la kushoto, pakawaka nyekundu, foleni nzima ikapaona.

"Dah," Yates alisema, akarudi nyuma hatua moja kana kwamba mwenzake ana mafua.

Kabla ya saa sita mchana Garrity alikwishaamua: Hollowell atacheza zamu kumi tu, yaani mara kumi mpira unapoanzishwa, zote kipindi cha kwanza, kisha akae. Hakumwita, hakumuuliza. Msaidizi alileta habari kwenye kipande cha karatasi.

Demarius akacheza zamu zake kumi. Alidaka mipira mitatu, mmoja akiwa angani kabisa, beki akimning'inia mgongoni. Zamu ya kumi ilipokwisha, Lorraine akamfunga paja kitambaa chenye joto na kumkalisha kwenye benchi, na kutoka hapo ikawa mateso. Yates aliingia, akadaka mara tano, akavuka mstari wa mwisho na mpira mkononi, uwanja mzima ukasimama. Nyuma ya benchi shabiki mmoja mwenye bia mbili akainama juu ya ukuta.

"Wee Kioo, umepasuka tena?"

Mguu haukuwa unamuuma hata kidogo. Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Angeweza kuinuka pale akakimbia. Alijuta, tena si kidogo. Alijuta kwa hasira, akamchukia Lorraine, karatasi yake na babu yake wa vioo, na zaidi akajichukia mwenyewe kwa kuuza nafasi yake ya mwisho kwa namba moja ya kijinga.

Janae alikuwa akimsubiri kwenye maegesho. Alimtazama akija tangu mlangoni mpaka kwenye gari.

"Nini?" Demarius akamuuliza.

"Unatembea."

"Sasa nitambae?"

"Mechi imekwisha, unatembea mwenyewe kuja kwenye gari," Janae alisema. "Nimejaribu kukumbuka mara ya mwisho ni lini, nimeshindwa."

Demarius akafungua mlango. Akaingia, akafunga mkanda.

Mchujo ulikuwa Jumanne, mwisho saa kumi alasiri. Kwa Wahunzi, kama kwa timu nyingine zote, habari mbaya ina mtu wake. Pale mtu huyo aliitwa Pruitt, mzee mpole wa suti ya kijivu, ambaye mwaka mzima hakuna aliyekaa naye meza moja kwenye bwalo, ati asije akawazoea. Siku ya mchujo hupita chumba kwa chumba, hubisha hodi mara mbili, na kusema maneno yaleyale: kocha anakuita, njoo na kishikwambi chako. Kishikwambi ndicho chenye mbinu zote za timu. Ukiambiwa uje nacho, umekwisha.

Saa nane na dakika ishirini Pruitt alibisha hodi mara mbili. Sefo akashika goti lake kwa mikono yote miwili. Mlango ukafunguka.

"Hollowell," Pruitt alisema. "Kocha anakuita. Njoo na kishikwambi chako."

Sefo akainuka, goti na maji yake, akamkumbatia mpaka mbavu zikalia. "Samahani, kaka," alisema. Demarius akamshukuru, akatoka. Alipanda mpaka ghorofa ya pili akipanga maneno ya kumwambia Janae, na hakuyapata.

Garrity hakuwa mtu wa maneno matamu. Kwenye ubao nyuma yake majina yalikuwa yamebandikwa katika vikadi, na mahali pa mpokeaji wa mwisho palikuwa wazi. Vikadi viwili vilikuwa mezani mbele yake, cha Hollowell na cha Yates.

"Kaa. Paja lako vipi? Nipe namba."

Demarius alikuwa na kumi mdomoni tayari. Ilikuwa imefika mpaka kwenye meno. Kikadi chake kilikuwa pale, karibu kiasi cha kukigusa, na neno moja lilitosha. Akalimeza.

"Saba," alisema. "Mechi ya kwanza ya ligi itakuwa nane. Kumi sitafika, Kocha, nisikudanganye. Nina miaka ishirini na tisa."

Garrity akaizungusha kalamu yake.

"Siku ile ulipobonyeza sita nilikasirika," alisema mwishowe. "Nilikaribia kukukata palepale. Halafu nikaangalia mechi upya. Nilipanga zamu kumi, ukacheza kumi, ukadaka mipira mitatu, ukaondoka mzima. Nilipanga kitu, na kikatokea. Unajua mimi hilo linanitokea mara ngapi?"

"Sijui, Kocha."

"Hata mimi sijui, ni nadra mno. Yates ana mbio kukuzidi. Nimemuuliza sasa hivi swali hilohilo, akaniambia kumi. Ameingia humu anakanyaga kwa ncha za vidole, kifundo kimemjaa kwenye kiatu, ananiambia kumi." Akashusha pumzi. "Atapona, na timu nyingine isipomchukua nitamweka kwenye kikosi cha mazoezi. Kijana mzuri. Nilimwambia Pruitt awalete nyote na vishikwambi vyenu kwa sababu mmoja hangeondoka nacho."

Akachukua kikadi, akakibandika ubaoni. Demarius alisoma jina lake mara mbili kuhakikisha.

"Zamu ishirini na tano kwa mechi. Jumatano hufanyi mazoezi. Na siku utakayonibonyezea kumi, nitakukata mimi mwenyewe, simtumi Pruitt. Haya, nenda."

Akatoka nje ya mlango. Akaegemea ukuta, akalia kidogo, akajifuta kwa fulana. Kisha akaijia ile ngazi. Katika jengo lile kila mchezaji alishuka ngazi kwa kukimbia, hata mwenye mguu uliovimba, maana makocha walikuwa wakitazama kupitia vioo vya ofisi zao. Demarius alishika reli. Akashuka hatua moja moja, paja la kushoto akilipumzisha, makocha wawili wakimwangalia, naye hakuharakisha.

Chini Pruitt alikuwa amesimama kama alivyosimama kila Jumanne ya mchujo, mkono ameunyoosha kupokea kishikwambi. Hollowell akatikisa kichwa, akakikumbatia kifuani. Mzee aliutazama mkono wake mtupu kana kwamba hajui wa nini. Halafu akautumia kumfungulia mlango.